Walter Rodney na Somo la Historia ya Ulaya

Makada wengi humtaja Walter Rodney kama mwanahistoria wa Afrika. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Rodney alikuwa pia mwanahistoria wa Ulaya, na sehemu hiyo ya kazi yake ndiyo inayosahauliwa katika madarasa yetu ya siasa. Anayemsoma bila kuiona sehemu hiyo hubaki na kaulimbiu tupu. Na kaulimbiu isiyo na uchambuzi huweza kugeuka kuwa ngao ya wanyonyaji wa ndani.

Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942. Alisoma historia Jamaica, kisha London, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 24. Utafiti wake ulihusu pwani ya Guinea ya Juu kati ya mwaka 1545 na 1800. Ili kuukamilisha alijifunza Kireno, akazisoma nyaraka za wafanyabiashara na watawala wa Ureno kule kule Lisbon. Hakungoja Mzungu amsimulie habari za Wazungu. Alifundisha Dar es Salaam mwaka 1966 na 1967. Oktoba 1968 serikali ya Jamaica ikamzuia kuingia nchini humo. Mwaka 1969 akarudi Dar es Salaam na kufundisha hadi 1974.

Kitabu chake mashuhuri, How Europe Underdeveloped Africa, yaani jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilitolewa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London. Kina sura sita. Sura mbili kati ya hizo, ya tatu na ya tano, zinaeleza mchango wa Afrika katika kuukuza ubepari wa Ulaya. Hapo ndipo penye uzito wa hoja yake. Rodney hakuridhika kusema kwamba Afrika ilidhulumiwa. Aliuliza: mali ile ilikwenda wapi, ikajenga nini, ikamtajirisha nani? Akafuata njia yake hadi kwenye bandari kama Liverpool na viwanda vya nguo vya Lancashire. Maendeleo ya kule na udumavu wa huku ni pande mbili za mwenendo mmoja.

Sisi wa Mwanza tunao ushahidi mlangoni. Kutoka Mirongo hadi ufukweni si mbali, na pale majini limesimama jiwe linaloitwa Bismarck, kwa jina la Chansela wa Ujerumani aliyeitisha Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Ghuba iliyo jirani inaitwa Speke. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ilisaidia kusafirisha pamba kuelekea pwani. Wakulima wa Usukuma waliuza pamba ghafi na kununua nguo. Huwezi kuieleza pamba hiyo bila kukijua kiwanda cha Ulaya kilichoihitaji. Kwa hiyo historia ya Ulaya si anasa ya wasomi. Ni sehemu ya historia ya jembe la mkulima wetu.

Kazi ya pili inayostahili kusomwa ni mihadhara yake kuhusu Mapinduzi ya Urusi. Aliitayarisha kwa ajili ya wanafunzi wa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ikachapishwa kama kitabu mwaka 2018, miaka 38 baada ya kifo chake. Humo anawapima wanahistoria wa Magharibi na wa Kisovieti kwa mizani moja: huyu anaandika akiwa upande wa tabaka gani? Anamchambua Trotsky kama mwanahistoria, anajadili hoja za Lenin, Kautsky na Rosa Luxemburg juu ya demokrasia, na hakwepi kuzihakiki siasa za Stalin. Huo ndio msimamo wa mwanafunzi wa kweli: kuunga mkono mapinduzi bila kufumba macho.

Hata hivyo heshima isituzuie kuhakiki. Katika utafiti wake wa Guinea ya Juu, Rodney alionyesha waziwazi jinsi watawala wa Kiafrika walivyoshirikiana na wanunuzi wa watumwa. Katika kitabu cha 1972 suala hilo limo, lakini limefunikwa na uzito wa mnyonyaji wa nje. Ulaya nayo mara nyingine inaonekana kama mtu mmoja, ilhali mvujajasho wa Manchester na mwenye kiwanda hawakugawana faida sawasawa. Msomaji mvivu hupata mwanya hapo.

Na mwanya huo una hatari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliungana kupinga kupunjwa na wanunuzi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Lakini mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ililazimika kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa sababu wakulima walilalamikia viongozi wao wenyewe. Aliyempunja mkulima sasa hakutoka Liverpool. Kiongozi anayejificha nyuma ya kitabu cha Rodney ili asiulizwe habari za mizani na daftari anakisaliti kitabu hicho.

Rodney mwenyewe hakukwepa kuwakosoa watawala wa nchi huru. Desemba 1969 gazeti la TANU, The Nationalist, lilimshambulia kwa tahariri kali kutokana na hotuba yake kuhusu itikadi ya mapinduzi ya Afrika. Hata hivyo aliendelea kufundisha hapa. Kwao Guyana alinyimwa kazi ya chuo kikuu mwaka 1974, akajiunga na mapambano ya wafanyakazi, na tarehe 13 Juni 1980 akauawa kwa bomu mjini Georgetown. Kitabu chake kuhusu wavujajasho wa Guyana kilitoka mwaka 1981.

Wajibu wa kada ni kusoma kazi hizi kwa pamoja. Tuijue Ulaya kwa utafiti wetu wenyewe, tumtaje mnyonyaji wa nje kwa jina lake, kisha tuulize swali lile lile nyumbani: mali ya mkulima imekwenda wapi, na imemtajirisha nani?