Agizo la SGR na mafundi wa Mbaraki

Agosti 2019 serikali ya Kenya iliagiza kwamba shehena zote za Nairobi na nchi za bara zikishushwa Mombasa zipakiwe kwenye reli ya SGR na kwenda kulipiwa ushuru katika bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Mombasa iliingia barabarani, na maandamano yale yakaitwa Jumatatu Nyeusi. Waliolia walionekana kuwa kundi moja, watu wa bandari. Ukweli ni kwamba agizo lilichagua nani wa kumuumiza.

Mawakala wa forodha waliumia kwanza. Kazi yao imefungamana na afisa anayekagua kontena, hivyo afisa akihamishiwa Embakasi, wakala naye hana budi kufungua ofisi huko au afunge. Yadi za kontena na malori yaliyozoea barabara ya Nairobi yalikuwa na shida hiyohiyo. Walikusanyika Mombasa kwa sababu sheria iliwakusanya hapo, na sheria ingeweza kuwatawanya kwa barua moja. Septemba 2022, Rais Ruto siku ya kuapishwa kwake alitangaza kuirudisha Mombasa kazi hiyo ya kutoa mizigo. Barua nyingine.

Sasa mtazame fundi wa meli. Meli imefunga gati Kilindini, bandari ya Mombasa, pampu ya kupozea injini imekufa, na kila siku ya kukaa ina mtu anayeilipia. Wakala wa meli anapiga simu. Fundi anapanda, anaifungua pampu, anakuta shafti imelika. Shafti inakwenda karakana yenye mashine ya kukereza, inarudi, inafungwa, inajaribiwa. Kabla ya kung'oa nanga huenda akahitajika mkaguzi wa shirika linaloithibitisha meli, aione kazi kwa macho yake. Wakati huohuo muuza mahitaji ya meli anapandisha mboga, nyama na maji. Mlolongo huu ukivunjika mahali pamoja tu, meli inachelewa. Hakuna agizo linaloweza kuupeleka Embakasi.

Lakini ukaribu na gati ni nusu ya maelezo. Karakana haiwezi kuishi kwa pampu ya meli moja. Ili iajiri mchomeleaji mzuri mwaka mzima inahitaji pia tagi za bandari, feri za Likoni, meli za uvuvi na hata viwanda vya nchi kavu. Ndiyo maana chelezo cha kampuni ya African Marine kiko Mbaraki, hapohapo Mombasa, na ndiyo maana mchomeleaji akikosa kazi karakana moja, anapata nyingine bila kuhama nyumba. Kwangu mimi, hao mafundi wanaozunguka ndio mtaji wenyewe. Chelezo unaweza kukinunua.

Kuna kundi la tatu, lisilohitaji hata maji: watu wa bima. Bima ya meli ya London ilianzia kwenye mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, kwa kuwa manahodha na wenye meli walipeana habari hapo; mkahawa ulikuwa Tower Street miaka ya 1680 kabla ya kuhamia Lombard Street mwaka 1691. Baadaye gati za London zilifungwa: za St Katharine 1968, za Royal Docks 1981. Meli zikaondoka, bima ikabaki. Dalali wa Lloyd's, soko la bima lililozaliwa mkahawani humo, alibeba karatasi yake meza kwa meza: mwandishi wa bima anayeheshimika akishakubali asilimia fulani ya hatari, wengine hufuata sahihi yake. Sahihi hiyo ina thamani kwa wanaomjua tu.

Kwa kipimo cha makundi hayo, tuitazame bandari ya Lamu. Gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Mawakala wa forodha huufuata mzigo. Mafundi watachelewa zaidi: mpaka meli ziwe nyingi za kutosha kulisha karakana mbili zinazoshindana, itakuwa nafuu kumsafirisha fundi kutoka Mombasa na kisanduku chake cha zana.