Mkono Uje Mwisho

Katika video ya fainali ya kurusha mkuki ya mashindano ya dunia ya riadha ya Beijing kuna picha moja ambayo nimeisimamisha mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ni tarehe 26 Agosti 2015, raundi ya tatu. Julius Yego amemaliza mbio zake. Mguu wa kushoto umetua mbele, umenyooka kama nguzo. Nyonga zimeshageukia uwanja na kifua kimefunguka chote. Lakini mkono wa kulia bado uko nyuma kabisa, na mkuki umelala kando ya kichwa kana kwamba haujapata habari. Kufumba na kufumbua utaondoka, utatua mita 92.72 kutoka mstarini, na Kenya itapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika michezo ya kurusha na kuruka. Mimi hubaki kwenye picha ile ya kabla. Kazi yote iko pale.

Huitazama nikiwa Kabiria, Nairobi, nimeketi juu ya jiwe kando ya kiwanja cha udongo mwekundu, alfajiri za Jumamosi, kabla watoto hawajaja na mpira wao na kabla makondakta hawajaanza kuita watu wa tao. Pembeni yangu kuna mwanzi niliouchonga mwenyewe, mrefu kunipita, niliouzungushia kamba pale pa kushikia. Shuleni nilirusha mkuki miaka mitatu, na maelekezo niliyopewa katika miaka hiyo yalikuwa mawili: kimbia, kisha rusha kwa nguvu. Hakuna aliyetunyima ujuzi kwa makusudi, maana hata waliotufundisha hawakuwa wamefundishwa. Nchi yetu ilijua kukimbia. Mkuki ulitolewa stoo wiki ya mashindano, ukarudishwa stoo.

Yego alitoka katika nchi hiyohiyo, tena Nandi, kule ambako kijana mwenye mwili wa riadha huonyeshwa barabara akaambiwa akimbie. Alianza na vijiti alivyochonga mwenyewe. Kocha wa mkuki hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni saiba, duka la kulipia intaneti, na humo akawatafuta kwenye YouTube mabingwa wawili: Jan Železný wa Ucheki, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki mara tatu mfululizo, 1992, 1996 na 2000, na ambaye rekodi yake ya dunia ya mita 98.48 ya mwaka 1996 haijavunjwa hadi leo, na Andreas Thorkildsen wa Norway, bingwa wa Olimpiki wa 2004 na 2008. Ndiyo maana dunia ikaja kumwita Bwana YouTube.

Jina hilo limependwa sana, nami naona linaficha jambo kubwa. Video zile zilikuwa wazi kwa kila mtu. Mamilioni waliweza kuzitazama, na bado hawakutoka mabingwa mamilioni. Kutazama ni kazi yenye ufundi wake.

Anayezikumbuka saiba za miaka ile anajua kutazama kulikuwa na bei. Ulilipia dakika, na video ilikuja vipandevipande: inacheza kidogo, inakwama, unangoja, inacheza tena. Nimewahi kuwaza kwamba huenda kule kukwama kulimfaa mwanafunzi wa mkuki kuliko kasi ya leo. Mrusho unaocheza bila kusita hukuonyesha mkono tu, kwa sababu mkono ndio unaokwenda mbio na jicho hufuata kinachokwenda mbio. Ukikwama katikati, unalazimika kuona miguu.

Na siri ya mkuki iko miguuni. Mkuki wa wanaume una gramu 800, haufiki hata uzito wa pakiti ya unga ya kilo moja. Mtu akiona wepesi huo hudhani shida ni nguvu za bega. Lakini bega peke yake, hata la mtu mwenye misuli ya kutisha, halina uwezo wa kukipa kitu chepesi mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa, nao ndio mwendo ambao mkuki wa mita 90 huondoka nao mkononi. Mwendo huo hukopwa kutoka kwenye mbio.

Kila aliyewahi kusimama ndani ya matatu ya Ngong Road anaijua kanuni hii mwilini mwake. Dereva akifunga breki ghafla, miguu yako imesimama na gari, ila kifua kinaendelea na safari. Mrushaji anajifungia breki mwenyewe. Anakuja kwa kasi, anapishanisha miguu katika hatua chache za mwisho ili mwili ulalie nyuma, kisha anaukita mguu wa kushoto mbele na kukataa goti lisikunjike. Mguu huo hubeba mara kadhaa ya uzito wake wote. Sehemu ya chini ya mwili inasimama; ya juu haiwezi kusimama, kwa hiyo inarushwa mbele. Nyonga zinatangulia, zinavuta kifua, kifua kinavuta bega, bega linavuta kiwiko, na mwishoni kabisa, wakati kila kiungo kimeshatoa chake na kupokeza, mkono unapita kama ncha ya mjeledi wa mchungaji. Mkono ukitangulia, hata kidogo, mjeledi umekatika. Unabaki unarusha kwa mkono, kama mtu anayemtupia mbwa jiwe.

Jirani na kwangu kuna mzee anayepasua kuni za hoteli za hapa mtaani. Nilipoanza kuelewa mkuki ndipo nilipoanza kumwona. Shoka lake hubaki nyuma ya kichwa wakati magoti na kiuno vimeshaanza kushuka. Vijana wanaomsaidia huanza na mikono, na baada ya magogo kumi wamechoka. Yeye humaliza rundo akiwa bado anapiga hadithi.

Basi kuelewa hayo ni kitu kimoja. Kuyatenda ni kingine, na katikati yake pana jambo ambalo hakuna video ya Železný iwezayo kukuambia: mwili wako unakudanganya. Siku niliyoegemeza simu kwenye mtungi wa maji na kujirekodi mara ya kwanza, nilidhani nimebonyeza video ya mtu mwingine. Nilikuwa na hakika mkono wangu ulibaki nyuma. Niliuhisi nyuma. Kumbe kabla hata mguu wa kushoto haujagusa ardhi, kiwiko kilikuwa kimeshakunjika na kufika sikioni. Nikarudia nikiwa na nia kamili ya kuurekebisha, nikahisi nimeurekebisha, na picha ikaonyesha kosa lilelile, pale pale.

Hapo ndipo heshima yangu kwa Yego ilipozidi. Kumwiga bingwa ni kulinganisha picha mbili, yake na yako, na mtu wa saiba ana moja tu. Nyingine lazima aisome kwingine, na mwalimu pekee anayebaki uwanjani ni mkuki wenyewe. Bahati nzuri mkuki ni mkweli. Ukitetemeka hewani kama uzi wa gitaa, nguvu zako hazikupita ndani ya urefu wake. Sehemu yake imepotea pembeni. Pua ikiinuka mno, utapanda vizuri, utasita, kisha utaanguka karibu. Ukiinama kulia au kushoto, bega liliporomoka. Ncha isipotangulia kugusa ardhi, mrusho hauhesabiwi. Tangu mwaka 1986 mkuki wa wanaume umesogezewa kitovu cha uzito mbele zaidi, sentimita nne, baada ya Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki kuurusha mita 104.80 mwaka 1984 na viwanja kuanza kuonekana vidogo. Kwa hiyo mkuki wa leo huiinamisha pua mapema na hausamehe uvivu wa mrushaji. Unakwenda kuuokota, unatembea mita 50 au 60 peke yako, na safari hiyo ya miguu ndiyo darasa. Una muda wa kujiuliza ulifanya nini kabla ya kuurusha tena.

Baada ya kutwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo mwaka 2011, Yego alipata nafasi ya kwenda Finland, Kuortane, na huko akakutana na kocha Petteri Piironen. Ni haki kulisema, kwa sababu hadithi ya mtu aliyejifunza peke yake hupendeza kiasi kwamba watu humfuta kocha. Hata hivyo, wakati huo Yego alikuwa ameshajijengea mrusho unaoweza kunolewa, na alirudi nyumbani kuendelea na sehemu kubwa ya kazi bila mtu wa kumsimamia. Olimpiki ya London 2012 alifika fainali na kumaliza wa 12. Mashindano ya dunia ya Moscow 2013 akawa wa nne. Glasgow 2014 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Ukizitazama video za miaka hiyo kwa mfuatano utaona mtu yuleyule, mwenye kimo kifupi kwa kipimo cha warushaji, akipunguza kitu kidogo kila mwaka. Ila kuanguka kwake hakukubadilika: baada ya kuachia mkuki hujitupa kifudifudi, mikono inaupokea mwili karibu kabisa na mstari. Wapo wanaosema ni mbwembwe. Mimi naona hesabu. Amekataa kubakiza mwendo wowote mwilini, na mwendo usiobaki mwilini umeondoka na mkuki.

Kuna kijana wa Uganda, Dennis Kasumba, ambaye kwake nimeuona ukoo huohuo wa ufundi katika mchezo mwingine. Yeye ni mdakaji wa besiboli kutoka Gayaza. Video zake zilizosambaa duniani zinamwonyesha akijizoeza kwenye matope na matairi ya magari, mazoezi ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika kwa vifaa hivyo. Mwaka 2023 alifika Marekani na kuchezea Frederick Keys katika ligi ya vijana wanaosaka nafasi ya kusajiliwa. Mpiga gongo mzuri katika besiboli naye anafanya kile cha mpasua kuni wetu: mguu wa mbele unatua, nyonga zinageuka, na mikono iliyoshika gongo inachelewa kwa makusudi. Asiye na uwanja rasmi wala mashine ya kumtupia mipira anabaki na mwili wake na subira ya kuukagua. Kasumba ameirekodi subira hiyo mbele ya macho ya watu, siku za mvua na za jua, na ndiyo inayonivuta kwake kuliko idadi ya waliomtazama.

Kwangu mimi kazi ilianza kwenda nilipoacha kukimbia. Miezi miwili nilirusha nikiwa nimesimama, kisha kwa hatua tatu, nikiuliza swali moja tu kwa asubuhi nzima: mguu umetua kabla ya mkono kuanza, au la? Nina daftari. Kwa kila mrusho naandika nilichohisi kabla ya kutazama simu, halafu nilichokiona. Kurasa za mwanzo, safu mbili hizo hazifanani kabisa. Sasa zinafanana mara nne kati ya kumi, na furaha ninayoipata safu zikilingana ni kubwa kuliko ya mwanzi kwenda mbali.

Yego naye hajaacha. Olimpiki ya Rio 2016 alipata fedha kwa mrusho wake wa kwanza, mita 88.24, kabla kifundo cha mguu hakijamtoa uwanjani. Paris 2024, akiwa na miaka 35, alirusha 87.72 na kuwa wa tano.

Siku hizi nina msaidizi, mtoto wa jirani wa darasa la nne ambaye hunishikia simu. Hajawahi kugusa mkuki. Wiki chache tu, na hangoji tena niitazame video. "Anko, mkono umekimbia tena," huniambia kutoka kule alikosimama, na huwa kweli. Jumamosi iliyopita nilimwonyesha fainali ya Beijing. Aliitazama mara moja hadi mwisho, Yego akiwa chini amelala kifudifudi na umati ukipiga kelele. Hakuniuliza ni nani huyo wala ameshinda nini. Aliirudisha nyuma, akaisimamisha, akairudisha kidogo tena, kisha akaweka kidole juu ya kioo, pale kifua kilipofunguka.

"Hapa," akasema. "Ona, wake bado haujaja."