Peni Sita za Ijumaa

Hadithi fupi ya Virginia Woolf iitwayo Kew Gardens, iliyochapishwa mwaka 1919, aghalabu husifiwa kwa konokono wake na rangi za maua yake. Wahakiki hukaa hapo, wakaeleza jinsi mwanga unavyoangukia petali na jinsi fikra za wapita njia zinavyotiririka. Fedha hawaioni, ilhali imo.

Karibu na mwisho wanapita vijana wawili. Mwanamume anafurahi kwamba si Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa kiingilio cha bustani ni peni 6. Binti anataka kujua: kwani hakistahiki hizo peni 6? Kijana anamrudishia swali: hicho ni kitu gani? Binti anapapasa maneno, asipate jawabu. Kwa maoni yangu, kiini cha hadithi kimo hapo, wala si katika konokono.

Bustani hiyo ya London iliingia mikononi mwa dola mwaka 1841, na kwa miaka mingi umma uliingia bure. Peni 1 ya mlangoni ilianza mwaka 1916, katikati ya vita. Hata tukizingatia kushuka kwa thamani ya fedha, peni ile haifiki pauni 1 ya leo. Lakini siku hizi tiketi ya mtu mzima msimu wa kiangazi hupita pauni 20. Sasa watazame wahusika wa Woolf: mume anayemkumbuka mwanamke mwingine, mzee anayezungumza na roho za wafu, wanawake wawili wa hali ya kawaida wanaopiga soga. Hapana hata mmoja aliyekuja kutazama mimea. Yule mzee, naamini, asingekata tiketi mapema kwa mtandao.

Haki isemwe. Vielelezo milioni 7 vya mimea mikavu havitunzwi kwa upepo, na jumba kubwa la kioo lililofunguliwa upya mwaka 2018 lilihitaji miaka mitano ya matengenezo. Hata sisi wa mwambao tuna deni: Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, imeorodhesha zaidi ya spishi 12,000 za Uganda, Kenya na Tanzania, visiwa vyetu vikiwemo, na kazi hiyo ilisimamiwa Kew.

Ila bei kubwa hudai kitu cha kuonyesha. Ndipo vinapokuja vioo vya Chihuly, mwaka 2005 na tena 2019, na taa za Krismasi tangu mwaka 2013. “Hicho” kimepata jina: ni tamasha. Anayepokea ruzuku ya serikali huingia kwa pauni 1, jambo jema, lakini sharti athibitishe mlangoni kwamba anapokea ruzuku hiyo. Peni haikumwuliza mtu hali yake.

Woolf naye ana upungufu wake: asiyekuwa na peni 6 hayumo kabisa katika hadithi. Kijana wake anaigusa mfukoni sarafu ya shilingi 2 aliyoiwekea chai. Shilingi 2 ni peni 24. Wangeingia wote wawili hata Ijumaa, na nusu ingebaki. Fedha anayo. Anachotaka ni kuambiwa analipia nini.