Majina ya Timu Zetu za Wanawake

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Methali hiyo ilitujia akilini tulipoukumbuka msimu wa 2021/22 wa Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara. Katika msimu huo Simba Queens walitwaa ubingwa kwa mara ya tatu mfululizo. Baadaye walilitwaa kombe la vilabu vya wanawake la CECAFA, na Novemba 2022, huko Moroko, wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kumaliza wakiwa wa nne. Miguu ilitenda kazi yake ipasavyo. Kasoro tunayoiona imo ulimini.

Hebu tuyatazame majina: Simba Queens, JKT Queens, Yanga Princess. Jeshi la Kujenga Taifa lina jina la Kiswahili linalotaja wajibu wake waziwazi. Mkia ulioongezwa hautaji wajibu wowote. Aidha, umalkia ni cheo cha kuzaliwa au cha kuolewa, na binti wa mfalme hujulikana kwa babaye. Mchezaji hupata heshima yake kwa jasho. Tena hii ni Jamhuri, iliyoufuta utawala wa machifu mwaka 1963. Je, tunawatawaza binti zetu juu ya kiti gani?

Historia yatucheka zaidi. Klabu ya Simba ilipoasisiwa mwaka 1936 iliitwa Queens. Jina hilo likaachwa, yakafuata Eagles na Sunderland, hata mwaka 1971 klabu ikajipatia jina la Kiswahili linalovuma mpaka leo. Basi vazi walilolivua wanaume kwa kuwa halikuwafaa, ndilo walilovishwa wanawake.

Wako watakaotujibu kwamba jina la kigeni huifungulia timu milango ya nje. Hoja hii haina mashiko. Neno "Simba" lilipotamkwa Moroko halikuhitaji mkalimani. Lilijulishwa na mpira uliochezwa. Jina halimtangulii mwenye kazi, bali humfuata.

Lakini tusiwalaumu wachezaji, kwani wengi wao walilikuta jina limekwisha kushonwa kwenye jezi. Wala sisi watunzi hatuna budi kukwepa lawama: tumeghani mengi kuwasifu wanaume wa uwanjani, na kwa wanawake tumekuwa mabubu. Tulipokaa kimya, Kiingereza kikajaza pengo.

Lugha iliyomhifadhi Siti binti Saad kwa jina lake, na ikamwita Titi Mohamed "Bibi" kwa heshima, haiwezi kukosa neno la kuwaita wanawake kumi na mmoja wanaocheza mpira. Twawaomba walimu waliweke swali hili mbele ya wanafunzi, hasa wasichana: timu yenu mngeiitaje? Majibu yao yaandikwe na yasomwe. Anayejipa jina mwenyewe hujua analolipigania.