Tusome Ile Mkataba Mpaka Chini

Mulishaona ile karatasi. Inapita mu magrupu ya WhatsApp ya Lubumbashi, kila duka ya mtandaoni inabadilisha jina tu kule juu: lete kitu chako, tutapiga foto, tutauzisha, tutakata 30%, utapata inayobaki. Bengi wetu tunaisaini bila kuisoma, na wenzetu wanaofungua duka kama hizo kisha lisansi wanainakili bila kuifikiri. Leo nataka tuisome kama mkataba wa shamba: nani analeta nini, na hasara ikikuja inaangukia nani.

Watu wanabishana sana juu ya ile 30%. Kweli hesabu yake ni mbaya. Viatu vya dola 10 vinaachia duka dola 3. Ondoa moto ya kupeleka Katuba ao Ruashi, ondoa mega za kutuma foto, hakuna kitu kinabaki. Ordinatere ya dola 300 inaacha 90, na kazi ni karibu ile ile. Basi mwenye ordinatere anajiuzishia mwenyewe, mwenye viatu njo analeta, na duka inajaa vitu visivyolipa.

Wakubwa wa kazi hii waliliona hilo. The RealReal, iliyoanza Marekani mu 2011, inabadilisha sehemu ya mwenye kitu kufuatana na bei. Hapa kwetu mtu anaweza kuiga vibaya: 30% mpaka dola 100, 20% kwa kitu chenye kupita hapo. Hesabu mwenyewe. Kitu cha dola 100 kinaachia duka 30, cha dola 110 kinaiachia 22! Duka inapata kidogo zaidi ikiuza vizuri zaidi. Mwenye alishaona fishi ya mshahara anajua dawa: kodi ya mshahara inakatwa kwa vipande, kila kipande na asilimia yake. Fanya vile, ila kwa kushuka: dola 50 za kwanza 30%, zinazobaki 12%. Ordinatere yetu italipa 15 na 30, yaani dola 45. Kwa vitu vidogo weka kiasi cha chini cha kukata, tuseme dola 4, na useme wazi kama bei ya chini ya dola 12 haupokei.

Lakini hayo yote ni madogo. Ubaya wenyewe uko mu mstari wa chini, ule unaosema kitu kisipouzwa ndani ya siku 90 kinakuwa cha duka. Chukua meza ya dola 120. Ikiuzwa mu mwezi wa kwanza, duka inakata 36. Ikikaa mpaka siku ya 91, duka inapata meza yote. Nani ataipiga foto nzuri? Sisemi kila mwenye duka ni mwizi. Nasema karatasi inamlipa ili alale, na hata mtu mwema akilipwa ili alale, siku moja atasinzia.

Tena Kongo iko mu OHADA tangu 2012. Sheria yake ya biashara inamujua mtu huyu: komisionere, anayeuza kwa jina lake mwenyewe lakini kwa ajili ya mwenye kitu. Haruhusiwi kujinunulia kile alichopewa kuuza. Kukirithi bure, mimi naona ni mbaya kuliko kukinunua.

Najua jibu la wenye duka: hatuna nafasi ya kuweka vitu vya watu milele. Ni haki. Basi muandike bei ya chini kabisa ambayo mwenye kitu anakubali, na ngazi ya kushuka: siku ya 30 toa 10%, siku ya 60 toa 20%, bila kupita ile bei ya chini. Siku ya 90 mumuandikie, mumupe wiki mbili za kukuja kuchukua, kisha mukate franka za nafasi kwa kila siku. Ataikuja mbio.

Sisi wa agronomi tunajua kulima kwa kugawana mavuno. Mvua ikikosa, mwenye shamba na mlimaji wote wanalia. Mu karatasi hii duka inagawana mavuno, lakini ukame ni wa mwenye kitu peke yake: kikiibwa, kikiungua, kikilowana, duka «haihusiki». Kumbe Kodi ya raia, kitabu cha tatu, tangu 1888, inataka anayewekewa kitu akichunge kama chake.

Halafu makuta. «Tutalipa kisha kuuza» si tarehe. Andika siku 7. Na kama bei ni ya dola lakini M-Pesa inatoka kwa franka, ni dola ya siku gani, ya siku ya kuuza ao ya siku ya kulipa? Mustari mmoja unatosha, na mara nyingi haupo.

Wenye vitu nao si malaika. Wengine wanaacha sofa ku duka, kisha wanaiweka ku statu yao kwa bei ya chini, na kumaliza pale pale na mteja ambaye duka ilimutafuta. Mkataba uwakatie nusu ya komisio. Na telefone yenye kukuja bila fakturi wala kopi ya kadi ya mwenyewe, irudishwe ku mlango, hata kama iko ya muzaliwa wako.