Kutazama Tena Kifo Kinachojulikana: Uhakiki wa Filamu "Lumumba" ya Raoul Peck

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, suala la kuirudia kazi ya sanaa halijaleta ubishi mkubwa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umejaa vita, mauaji na majibizano marefu baina ya mahasimu. Hadhira yake ilijua tangu mwanzo ni upande upi utakaoshinda, na haikuchoka kuusikiliza. Ngano nazo husimuliwa kwa watoto waliokwisha kuujua mwisho, na mtambaji akiruka kipande watoto ndio wanaomkosoa. Kwa filamu mambo huwa tofauti. Filamu iliyojaa damu hudhaniwa kuwa imekwisha kazi yake mara tu mtazamaji anapojua ni nani aliyekufa, na filamu iliyojaa maneno huonekana mzigo hata mara ya kwanza. Je, filamu yenye sifa hizo mbili kwa pamoja inastahili kutazamwa zaidi ya mara moja?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuirejelea filamu Lumumba ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti ambaye sehemu ya utoto wake aliipitisha Kongo. Dai linalotetewa ni kwamba ukatili wa filamu hii hupungua nguvu kila unaporudiwa, ilhali maneno yake huongezeka uzito, na kwamba katika maneno hayo ndimo mauaji yenyewe yanamotendeka.

Filamu na mji

Kwa mtazamaji wa Likasi, swali hili si la kupitisha wakati. Mnamo Januari 1960, mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, Patrice Lumumba alifungwa hapa kabla ya kuachiliwa ili ahudhurie Mkutano wa Meza ya Duara mjini Brussels. Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, yeye na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walipigwa risasi Shilatembo, kando ya njia itokayo Lubumbashi kuelekea Likasi. Miili yao ilifukuliwa, ikakatwa vipande na kuyeyushwa kwa tindikali. Jino moja, lililochukuliwa na polisi wa Kibelgiji Gerard Soete aliyeshiriki katika kazi hiyo, lilirudishwa kwa familia mwezi Juni 2022, likapitishwa Shilatembo miongoni mwa mahali pengine, na kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni mwaka huo. Kwa hiyo anayeirudia filamu hii anarudia kutazama kifo cha mtu ambaye msiba wake ulidumu zaidi ya miaka sitini bila kaburi. Haifai kulijibu swali la kurudia kana kwamba linahusu ladha tu.

Ukatili usio na taharuki

Kifani, Peck amefanya jambo ambalo watengenezaji wengi wa filamu za mauaji huliepuka: ameitoa taharuki. Filamu inaanza na wazungu wawili wanaohangaika usiku na maiti na mapipa yenye moto, huku sauti ya marehemu ikimsemesha mkewe. Ndipo kisa kinaporudi nyuma, kwa kijana anayeuza bia Léopoldville, kisha kwa mwanasiasa, mfungwa na Waziri Mkuu, hadi kufika tena kwenye mti ambapo watu watatu wanauawa. Tangu mwanzo mtazamaji hana haja ya kuuliza nini kitatokea. Analoachiwa ni kuuliza jambo hilo liliwezekanaje.

Hata hivyo, inapotazamwa mara ya kwanza, watazamaji wengi hawapati nafasi ya kuuliza hivyo. Moto na msumeno huyateka macho, na kipigo ndani ya ndege iendayo Elisabethville hukifunika kila kilichosemwa kabla yake. Mara ya pili macho yamekwisha kuzoea. Hapo pana hatari ambayo haifai kupuuzwa, kwa kuwa macho yaliyozoea damu ya kuigiza yanaweza kuizoea damu yenyewe. Kama filamu hii isingekuwa na kitu kingine, jibu lingekuwa rahisi: itazamwe mara moja, kisha iachwe.

Maneno yanayoua

Kitu kingine kipo, nacho ni mazungumzo. Mifano miwili inatosha. Katika kambi ya jeshi, mapema Julai 1960, Jenerali Janssens anawaandikia askari wake ubaoni kwamba hali ya kabla ya uhuru ni sawa na hali ya baada ya uhuru. Mara ya kwanza tendo hilo laonekana kuwa kiburi cha mzee mmoja. Mara ya pili, mtazamaji anayeyajua yatakayofuata, yaani maasi ya askari, kukimbia kwa Wabelgiji na kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai, anaona kwamba mstari ule wa chaki ulitangulia risasi nyingi.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Katika kikao cha wakubwa wa Kongo na wageni wao, hatima ya Lumumba inajadiliwa. Mmarekani anayeitwa Carlucci anapoulizwa neno lake, anajibu kidiplomasia, kwa maana ya kwamba serikali yake haiingilii mambo ya ndani ya nchi nyingine. Hakuna sauti iliyopandishwa wala silaha iliyoonyeshwa. Mtazamaji wa mara ya kwanza hukipita kikao hiki akingoja tukio. Mtazamaji wa mara ya pili hutambua kwamba tukio ndilo hilo, na kwamba wapiga risasi wa usiku ule watatekeleza tu kilichokwisha kusemwa kwa adabu.

Kilichofuata baada ya filamu kutolewa kinaliunga mkono dai hili. Frank Carlucci halisi, aliyekuwa mwanadiplomasia Kongo na baadaye Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1987 hadi 1989, alipinga namna alivyoonyeshwa, na katika toleo lililoandaliwa kwa televisheni ya Marekani jina lake lilifunikwa kwa mlio. Maiti, msumeno na moto viliachwa kama vilivyo. Kilichoondolewa ni jina moja lililotamkwa. Waliohofia mashtaka walijua vizuri mahali ambapo uzito wa filamu ulikuwa.

Likasi inayo sababu yake ya kulielewa jambo hilo. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu yao walijazana katika stesheni ya reli ya mji huu wakingoja treni, na wengi hawakufika walikokuwa wakienda. Kabla ya fimbo na moto yalitangulia maneno: watu waliokuwa majirani waliitwa bilulu, yaani wadudu. Filamu haiyazungumzii matukio hayo. Lakini mtu aliyeyaona, au aliyesimuliwa na wazazi wake, hana haja ya kuelezwa kwa nini mazungumzo ya Lumumba yasikilizwe kwa makini kuliko milipuko yake.

Udhaifu unaojitokeza

Kurudia kutazama kunafichua pia kasoro. Kwanza, miaka mingi imeshindiliwa katika muda usiofika saa mbili, na kwa sababu hiyo wahusika mara nyingine huambiana mambo wanayoyajua tayari ili mtazamaji apate kuyajua. Mara ya kwanza maelezo hayo husaidia. Mara ya pili yasikika kama somo la historia lililogawiwa midomo. Pili, Mpolo na Okito wanakufa pamoja na Lumumba bila mtazamaji kuwafahamu vya kutosha, na Pauline, mkewe, anasemeshwa zaidi kuliko anavyosema.

Kasoro ya tatu ni ya lugha. Filamu hii, ambayo ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, ni ya Kifaransa, pamoja na Kilingala mahali pachache. Inafaa kwa vikao vya Brussels na Léopoldville. Lakini kisa kinapofika Katanga, kinafika katika nchi ya Kiswahili, ambako wapishi, madereva, askari na wanavijiji waliyajua mambo ya usiku ule kwa Kiswahili na kuyanong'ona kwa Kiswahili. Lugha hiyo haikupewa nafasi ya kusimulia.

Pengo hilo liliwahi kuzibwa kwa sanaa nyingine. Mnamo 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, kifo cha Lumumba kikiwemo, na kuzieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyezichapisha mwaka 1996. Picha za aina hiyo zilitundikwa katika vyumba vya kupokelea wageni, na iliyopendwa mno ni ile ya mfungwa anayechapwa viboko wakati wa ukoloni. Familia ilikula na kupokea wageni mbele ya picha ya ukatili, kila siku. Ilivumilika kwa sababu iliitwa ukumbusho: mgeni aliiona, akauliza, na mwenye nyumba akaanza kusimulia. Picha haikusema neno, bali iliwafanya watu waseme.

Hitimisho

Kipimo cha ukumbusho chaweza kutumiwa kwa filamu. Kazi yenye ukatili inastahili kurudiwa ikiwa kurudiwa kwake kunazaa mazungumzo. Haistahili ikiwa kunazaa mazoea tu. Kwa kipimo hicho, filamu Lumumba inastahili kutazamwa mara ya pili bila shaka, kwa kuwa mara ya kwanza macho huyanyima masikio nafasi. Mara ya tatu na kuendelea, thamani yake itategemea watazamaji wenyewe. Anayeitazama peke yake kwa ajili ya tukio la mti na risasi hatapata jipya. Aidha, mtu aliyefiwa katika vurugu za namna hii asilazimishwe kuirudia kwa jina la elimu.

Kwa walimu wa Kiswahili pana njia inayofaa. Onyesho la mauaji laweza kurukwa, na vikao vikasimamishwa sentensi kwa sentensi ili wanafunzi wavitafsiri kwa Kiswahili. Kazi hiyo si nyepesi. Katika hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960 Lumumba alilalamika kwamba Mwafrika alisemeshwa kwa kiwakilishi cha nafsi cha umoja, kile cha heshima kikitengwa kwa wazungu peke yao. Kiswahili sanifu hakina jozi hiyo, kwani heshima huibeba katika maneno kama mzee, baba na mama, na katika maamkizi. Mwanafunzi atakayejaribu kuitafsiri dharau hiyo atalazimika kuuliza wazee wa nyumbani walikuwa wakiitwaje kazini, na jibu atakalopewa halimo ndani ya filamu.