Santuri Ndogo, Kipimo Kikubwa: Magazeti ya Muziki ya Uingereza na Roki ya Glamu, 1971-1974

Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa wetu wa uhakiki ukijadili nyimbo za Kiingereza za miaka ya 1970. Hatujaiacha kazi yetu. Uhakiki ni taaluma moja, na makosa yake wakati mwingine huonekana vizuri zaidi kwa jirani kuliko nyumbani. Katika makala haya tunachunguza jinsi magazeti ya muziki ya Uingereza yalivyozipokea santuri ndogo za roki ya glamu. Hoja yetu ni kwamba wahakiki wale hawakukosa masikio, bali walitumia kipimo kisichofaa.

Roki ya glamu ilikuwa muziki wa nyimbo fupi, za dakika tatu hivi, zenye mdundo mzito wa ngoma na makofi, na kiitikio ambacho umati mzima ungeweza kukidaka. Waimbaji wake, wengi wao wanaume, walijipaka rangi usoni, wakavaa nguo za kumetameta na viatu vya soli nene. Mwanzo wake hutajwa kuwa Machi 1971, Marc Bolan wa kundi la T. Rex alipoimba "Hot Love" katika kipindi cha televisheni cha BBC, Top of the Pops, akiwa na vimetameta mashavuni. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza kwa wiki sita. Baada yake walikuja Slade, Sweet, David Bowie, Roxy Music, Suzi Quatro na Mud. Slade peke yao walipata nyimbo sita za nafasi ya kwanza kati ya 1971 na 1973, na tatu kati ya hizo, zote za 1973, ziliingia kwenye chati moja kwa moja katika nafasi hiyo.

Magazeti yaliyohukumu muziki huu yalikuwa na historia yake. Melody Maker lilianza mwaka 1926 na lilijiona kuwa gazeti la wanamuziki wenyewe. New Musical Express, maarufu kama NME, lilianza 1952, na ndilo lililochapisha chati ya kwanza ya santuri ndogo nchini Uingereza mwaka huohuo. Sounds lilifuata mwaka 1970. Kufikia wakati huo heshima yote ilikuwa imehamia kwenye albamu. Led Zeppelin, kundi lililoheshimiwa mno, halikutoa santuri ndogo hata moja Uingereza katika muongo mzima. Hivyo santuri ndogo ilionekana kuwa bidhaa ya watoto, hasa wasichana, waliosoma jarida la Jackie na kubandika picha za waimbaji ukutani. Simon Frith na Angela McRobbie, katika makala yao ya 1978 kuhusu roki na jinsia, walionyesha jinsi muziki wa vijana ulivyogawanywa kati ya ule uliodhaniwa kuwa wa wavulana na ule wa wasichana. Sisi tunaongeza kwamba mgawanyo huo uliingia hadi ndani ya hukumu za wahakiki. Aliyedharauliwa kwanza alikuwa msikilizaji; wimbo ulifuata baadaye.

Mfano wa wazi ni Bolan mwenyewe. Alipokuwa akipiga gitaa lisilo la umeme chini ya jina refu la Tyrannosaurus Rex, mtangazaji John Peel alimpigia debe na wapenzi wachache walimwona kuwa mshairi. Alipofupisha jina, akashika gitaa la umeme na kuuza santuri kwa wingi, aliambiwa amejiuza. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa wahakiki wale methali iligeuka: kinachojiuza ndicho kibaya.

Tutazame nyimbo mbili bega kwa bega. Novemba 1972 Bowie alitoa "The Jean Genie", na Januari 1973 Sweet wakatoa "Block Buster!". Zote mbili zilitolewa na kampuni ya RCA, na kipande cha gitaa kinachojirudia ndani yake kinakaribia kuwa kimoja, kwa kuwa kinatoka katika jadi ya zamani ya bluzi ya Wamarekani weusi. Wimbo wa Sweet ulikaa nafasi ya kwanza kwa wiki tano. Wa Bowie ulifika nafasi ya pili. Hata hivyo, Bowie alisomwa kama msanii mwenye dhana, hasa tangu mahojiano yake na Michael Watts katika Melody Maker, Januari 1972, aliposema kwamba anapenda wanaume wenzake. Sweet walichukuliwa kuwa mazao ya kiwanda cha watunzi Nicky Chinn na Mike Chapman.

Tukiziweka sifa hizo kando na kusikiliza, tunapata hukumu tofauti kidogo. "The Jean Genie" inashinda katika usawiri wa mhusika: mzururaji wake anabaki akilini. "Block Buster!" inashinda katika muundo. Inaanza kwa king'ora, inajenga taharuki, na kila sehemu inaingia mahali pake bila sekunde ya kupoteza. Mpiga besi Steve Priest anachomeka sauti ya madeko katikati ya vitisho vya wimbo, na kejeli hiyo inatuonyesha kwamba waimbaji walijua wanachokifanya. Kuwa na watunzi wa kulipwa si aibu ya kifasihi. Mwigizaji hahukumiwi kwa kuwa hakuandika tamthilia.

Slade wanatugusa zaidi sisi walimu wa lugha. Majina ya nyimbo zao yalivunja tahajia makusudi: "Coz I Luv You", "Mama Weer All Crazee Now", "Skweeze Me Pleeze Me". Walimu wa Kiingereza walilalamika kwamba watoto wanaharibiwa. Lakini tahajia hiyo iliandika matamshi ya watu wa kawaida wa Wolverhampton na Walsall, mahali walikotoka wanamuziki hao. Mwanafunzi wetu akikutana na tabdila au inkisari katika shairi, tunamfundisha kwamba huo ni uhuru wa mshairi. Akikutana na ukiushi wa aina hiyo kwenye jina la santuri, tunauita ujinga. Tofauti iko wapi, kama si katika hadhi ya anayeandika? Na wimbo wenyewe, "Coz I Luv You", una fidla ya Jim Lea juu ya vishindo vya miguu, mchanganyiko ambao haukuwa wa kawaida kwenye chati za mwaka 1971.

Haki inatutaka tuseme kwamba si wahakiki wote walikuwa hivyo. Penny Valentine, kwanza katika Disc na baadaye Sounds, alizisikiliza santuri ndogo kwa makini na kuziandikia kwa heshima. Richard Williams wa Melody Maker aliwatambua Roxy Music mwaka 1971, kabla hawajatoa santuri yoyote. NME nalo, kuanzia 1972, liliwaingiza waandishi kama Nick Kent na Charles Shaar Murray, waliokuwa na lugha kali na ya kuchekesha. Tatizo ni kwamba mlango uliofunguliwa ulikuwa wa Bowie na Roxy Music zaidi. Sweet na Mud waliachwa barazani.

Wala hatusemi kwamba mauzo ni ushahidi wa ubora. Baada ya "20th Century Boy" ya mwaka 1973, Bolan alianza kujirudia, na wahakiki waliosema hivyo walikuwa sahihi. Kanuni ya Chinn na Chapman nayo ilichakaa kwa kutumiwa mno. Anayesifu kila kinachopendwa hana tofauti na anayekidharau chote: wote wawili wamekataa kusikiliza.

Somo hili linatuhusu. Mwaka 1974, glamu ilipokuwa inafifia, Elvis Musiba alichapisha *Kufa na Kupona*, miaka tisa baada ya *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla. Vitabu hivi vilisomwa mpaka vikachanika, lakini vikatiwa katika kapu la "riwaya pendwa", na kwa muda mrefu kapu hilo halikufunguliwa darasani. Hata leo tumeona mapendekezo ya utafiti kuhusu riwaya hizo, au kuhusu nyimbo za vijana, yakirudishwa na maneno mawili tu: "si fasihi".

Tunapendekeza msimamizi ajiulize maswali matatu kabla ya kuandika maneno hayo. Je, kazi hii ilikusudia kufanya nini? Imefanya kwa ustadi gani? Na je, ninachokikataa ni kazi yenyewe au ni watu wanaoipenda? Slade wameshajibiwa na wakati: "Merry Xmas Everybody" ya 1973 husikika Uingereza kila Desemba, na mwaka 2016 Simon Reynolds aliiandikia glamu kitabu kinene. Mwanafunzi mwenye pendekezo lililorudishwa hawezi kungoja miaka arobaini.